Kumwosha Feruzi

Asubuhi ile pipa la nne lilikuwa limepoa. Halikuwa baridi kabisa. Nilipoweka kiganja juu ya chuma bado nilihisi uvuguvugu, lakini ulikuwa uvuguvugu wa mtu anayetoka kwenye homa kali. Nikasubiri. Siku zote ukikaa na mkono pale utayasikia maji yakivutwa, yakitulia, yakivutwa tena, polepole, kama mtu aliyelala. Safari hii mvuto mmoja ulichelewa mpaka nikagundua kwamba hata mimi nimebana pumzi.

Nikaongeza chumvi na sukari kwenye mrija wa chakula, nikaandika joto ubaoni, kisha nikaenda kumwita Mhandisi Ntakije.

Mtambo wa Kasimbu ulizimwa kabla sijaanza shule. Watu wa mbali wakisikia mtambo wa nyuklia umezimwa hudhani habari imekwisha. Kwetu ndipo ilipoanza. Maji ya mvua hushuka kutoka milimani nyuma ya mji, hupenya ardhini, huingia kwenye ghorofa ya chini ya jengo kubwa na kugusa mabaki yaliyoachwa humo. Yanatoka na sumu isiyo na rangi wala harufu. Lazima yavutwe juu na kusafishwa kila siku, kwa sababu yakiachwa yatafuata mteremko, na mteremko wote wa Kasimbu unaishia ziwani. Ziwa letu ni refu kwenda chini kuliko milima ile ilivyo mirefu kwenda juu, na maji yake hayaendi popote. Kinachoingia humo wanakunywa watoto, na watoto wa hao watoto.

Vichujio vya kiwandani vilikuwa vikiziba haraka kuliko vilivyoletwa. Ndipo wataalamu wakaja na utando. Walichukua seli za figo la mtu, wakaziotesha zikawa ngozi nyembamba iliyo hai, wakaitandaza tabaka juu ya tabaka kwenye fremu ndani ya pipa refu kuliko mtu. Maji machafu yanapita upande huu, sumu inabaki kwenye nyama, maji safi yanatokea upande ule. Seli zilipaswa kutoka kwa mtu aliyefanya kazi Kasimbu miaka mingi, ambaye mwili wake ulikwisha kuzoeana na sumu ile kidogo kidogo, na sheria ilikataza kumgusa aliye hai. Kwa hiyo walitumia wafu wetu, kwa ruhusa ya familia zao.

Utando wa kwanza, wa pili na wa tatu haukuvuka msimu mmoja wa mvua. Wa nne ulikuwa umefika mwaka wa nane. Ulitoka kwa kaka yangu, Feruzi.

Mhandisi Ntakije alipima, akapima tena, akavua miwani. Alinieleza kwa sauti ya chini, japo ukumbini tulikuwa wawili tu. Utando ulikuwa umejaa. Sumu uliyoishika miaka yote hiyo sasa ilikuwa ikiuunguza wenyewe kwa ndani. Ungeweza kuvuta wiki chache zaidi, pengine mpaka mvua za kwanza, na matangi ya akiba yalikuwa yamebakiza nafasi ndogo. Baada ya hapo lango la ziwani lingefunguliwa, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuyapeleka maji. Seli zilizogandishwa zilijaribiwa zamani na haziamki. Hakuna mfanyakazi mwingine ambaye seli zake zilikubali.

"Dada Mwavita," akasema, "tunaweza kumwanza upya."

"Kumwanza nani?"

Akatazama sakafu. "Kuuanza utando. Samahani. Tukikata kipande sasa, kikiwa bado hai, tunakiotesha kwenye pipa dogo. Kikishika, tunahesabu miaka mingine."

Nikamuuliza, na miaka hiyo ikiisha? Akasema tutakata tena. Kisha akaongeza jambo ambalo nilikuwa nalijua: kila utando mpya unahitaji ruhusa mpya, na mwenye kutoa ruhusa ni mama.

*

Nyumbani kwetu palikuwa na matanga. Sijui namna nyingine ya kulisema. Feruzi alipokufa, bomba la ghorofa ya chini lilikuwa limepasuka naye akashuka kulifunga. Mwili wake haukuweza kutolewa nje ya uzio. Mzee Sudi, ambaye ndiye mwosha maiti wa mtaa, alifika getini na ndoo yake na sanda mkononi, wakamrudisha. Feruzi alizikwa ndani ya zege kwenye uwanja wa mtambo, bila kuoshwa. Siku ya kuanua matanga ilipofika mama alikataa kukunja mikeka. Alisema amearifiwa kwamba figo la mwanawe linafanya kazi na lina joto, na yeye hajawahi kuona matanga yakianuliwa hali marehemu yuko kazini.

Watu walidhani ni uchungu na kwamba utapita. Haukupita. Mikeka ilibaki sebuleni. Mama alivaa kaniki ileile, akafua, akaivaa tena. Katika nyumba yetu hapakupigwa ngoma wala kuimbwa, na arusi za binamu zangu zilifanyiwa kwenye nyumba za watu wengine ili shangwe isilie juu ya matanga. Wachumba wawili walikuja kwa ajili yangu. Wote wawili waliketi mkekani, wakatoa pole, wakaondoka.

Nilimweleza yote aliyoyasema mhandisi. Mama alikuwa ameegemea ukuta, miguu imevimba, pumzi fupi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mara ya kwanza niliambiwa ni kwa muda," akasema. "Nikaweka dole gumba. Sasa wanataka awe anazaliwa na kuchoka, anazaliwa na kuchoka, mpaka lini?"

"Mpaka maji yaishe, mama."

"Na maji yanaisha lini?"

Mama alivuta kaniki akafunika miguu yake. Kisha akauliza huyo Ntakije anaomba kwa niaba ya nani, maana yeye hanywi maji ya ziwa, maji yake yanaletwa kwa gari. Wanaokunywa ni watu wa mji. Basi waje wao waseme, hapahapa mkekani, uso kwa uso na mama wa mtu.

*

Walikuja. Habari ilienea sokoni kabla ya adhuhuri na alasiri nyumba ilikuwa imejaa. Walikuja na unga wa muhogo, sukari, mawese kwenye chupa, kama vile Feruzi amekufa jana. Wakaketi. Walizungumzia bei ya dagaa, wakazungumzia mvua iliyokuwa ikichelewa, na kila mtu alikuwa akiomba ichelewe zaidi. Mwanamke mmoja alianza kusema jambo kuhusu mtoto wake aliyezaliwa juzi, akaishia katikati, akaanza kulia. Hakuna aliyethubutu kuomba. Ningependa kusema walikuwa waoga, lakini ungemwombaje mama akukopeshe mwanawe tena, aliyekwisha kufa?

Mzee Sudi alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono myeusi kwa grisi, kwani riziki yake alikuwa akiipata kwa kutengeneza baiskeli. Hakuwa mtu wa maneno mengi isipokuwa ya utani. Siku ile hakutania.

"Bi Nyota," akasema, "mimi nilirudishwa getini na ndoo yangu. Tangu siku ile nimeosha wengi, na kila nikimaliza najua yuko mmoja sijamwosha. Wajukuu zangu wanakunywa ziwa hili. Siwezi kukwambia azimwe, na siwezi kukwambia asizimwe. Ninachoomba ni kumwosha."

Mama aliomba nimsaidie kukaa wima.

Alisema Feruzi atazimwa. Ataoshwa, atavikwa sanda, atasaliwa, atalazwa ubavuni mwa mwili wake, na matanga yataanuliwa. Hicho kipande watakachokiotesha si Feruzi, na yeyote atakayekiita Feruzi asikanyage tena kwake. Feruzi alikufa hana mke wala mtoto.

"Hicho nitakihesabu mjukuu," akasema. "Kizima, kina nguvu. Mjukuu anaweza kufanyia kazi mji."

Mtu alicheka nyuma, kicheko cha kilio. Kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu mwaka aliokufa Feruzi.

*

Mhandisi Ntakije alihangaika kupata kibali, na sheikh wa msikiti wa Ijumaa alihangaika na vitabu vyake. Wote wawili walirudi na jibu la ndiyo, kwa masharti. Kipande kilikatwa, kidogo kama jani la mkunde, kikawekwa kwenye pipa dogo kwenye pembe ya ukumbi. Baada ya siku kadhaa kikaanza kuvuta. Ndipo tukaambiwa tunaweza kumzima wa zamani.

Kufunga mrija wa chakula lilikuwa jukumu la zamu, na zamu ilikuwa yangu. Mhandisi alijitolea kunishikia. Nilikataa. Niligeuza koki, nikaweka kiganja juu ya pipa kama nilivyozoea. Mvuto. Kimya kirefu. Mvuto hafifu. Kisha chuma kikawa chuma.

Mzee Sudi aliingia na wanaume wawili, wamevalishwa suti za kinga, kofia zenye kioo mbele na glavu nene. Mama na mimi tulikaa upande wa pili wa dirisha. Sudi alijitazama, akamgeukia Ntakije. Yeye Mmanyema, yule Muha, na utani wao ulianza zamani.

"Mtani, umenivisha gunia hili nikaoshe maiti au nikarine asali?"

"Ukiumwa na nyuki usinitafute," mhandisi akamjibu.

Hata mama alitabasamu.

Walikuwa wamezishusha tabaka zote na kuzilaza juu ya meza ya chuma, moja juu ya nyingine. Nilitarajia kuona kitu cha kutisha. Ilikuwa nyama ya rangi ya majivu, imekunjamana, mzigo mdogo tu. Sudi alitazama chini ya meza, akagonga kioo.

"Ufuo wenu, shimo la maji ya maiti, uko wapi?"

Nikamwonyesha tundu la chujio sakafuni. Akauliza maji yanaishia wapi. Nikamwambia kwenye tangi lililo chini ya ukumbi. Ndani ya uzio huu hakuna tone linaloruhusiwa kutoka nje, hata la kunawia mikono. Jibu lile lilimpendeza. Alisema ni vizuri, maji ya maiti hayafai kukanyagwa na watu.

Alimwosha kwa maji safi yaliyotoka kwenye pipa la nne wiki zilizopita, maji ambayo Feruzi mwenyewe aliyachuja. Mara ya kwanza kwa majani ya mkunazi yaliyopondwa. Mara ya pili vilevile. Mara ya mwisho akafungua karatasi, akamimina karafuu maiti kwenye ndoo, kwa mkono mkubwa, maana alisema huyu amekaa muda mrefu na anastahili kunukia. Hakuwa na haraka. Aliinua kila tabaka, akapitisha maji chini yake, akailaza tena, kama alivyomfanyia kila mtu aliyewahi kupita mikononi mwake. Mama alikuwa akitaja kila kiungo kwa sauti ndogo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, japokuwa pale mezani hapakuwa na mikono.

Tulimzika jua likiwa bado juu. Zege lilifunguliwa, likafungwa. Jioni mama alikunja mikeka mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, akaisimamisha ukutani. Akaoga. Alitoka chumbani amevaa kanga ya manjano ambayo sikujua kwamba anayo, na majirani waliokuwa uani wakanyamaza.

*

Utando mchanga hauwezi kupewa maji makali. Unaanzishwa kwa maji mepesi, yenye sumu kidogo kabisa, unazoezwa, unaongezewa. Tatizo ni kwamba Kasimbu hapakuwa na maji mepesi. Mhandisi alizunguka na kifaa chake tangi kwa tangi. Kesho yake akarudi ukumbini akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake. Alikuwa ameyapata chini ya miguu yetu. Tangi la chini ya sakafu lilikuwa na maji yaliyogusa utando wa zamani kwa muda mfupi tu, sumu kidogo, kiasi kilekile alichokuwa akikitafuta. Alinionyesha kipimo. Alifungua mrija mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilipofungua mlango wa ukumbi nilipokewa na harufu ya msiba. Nilidhani imebaki kwenye kuta. Nikaenda kwenye pipa dogo, na kadiri nilivyolisogelea ndivyo harufu ilivyozidi. Niliweka kiganja. Nikaweka na cha pili.

Ntakije alikuja akifunga vifungo vya koti. Alifungua mfuniko. Kile kipande, ambacho juzi kilikuwa chekundu na kimeanza kutambaa kwenye fremu, kilikuwa cheupe kama utumbo uliochemshwa. Akachota maji, akayapima kwa kifaa, yalikuwa mepesi. Akayapima tena. Kisha akafanya jambo ambalo tumekatazwa kulifanya siku zote: akayainamia, akayanusa. Akakaa sakafuni.

Kifaa chetu kinajua sumu moja. Miaka yote tuliogopa hiyo moja, tukajifunza kuisikia hata ikiwa chembe, na hakuna aliyejiuliza nyama changa itafanyaje ikinyweshwa karafuu maiti.

Nilimuuliza kama kuna kilichobaki popote. Akasema kilichobaki kimo ndani ya zege, na kimekufa. Halafu akasema ataandika ukweli, kwamba kosa ni lake, ni yeye aliyefungua mrija.

"Wewe watakuhamisha," nikamwambia. "Mji utauliza maji yale yalitoka wapi. Watasema Sudi ameua ziwa kwa ndoo yake. Na yeye anaishi hapa."

Alichomoa kalamu mfukoni, kisha akairudisha.

*

Mama alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo. Jirani yetu alikuwa akioza binti, na kwa mara ya kwanza alikuja kuazima nyumba yetu kwa kupikia. Nilimwambia yote, polepole, nikiwa nimesimama. Alipoelewa aliacha kuchekecha, lakini hakuliweka chekeche chini.

"Mjukuu wangu alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kiganja.

Akatikisa kichwa. Unga ulikuwa umemmwagikia mapajani, akaukung'uta. Akauliza kama Sudi anajua. Nikasema hajui, anajua mimi na mhandisi tu. Akauliza lango litafunguliwa lini. Nikasema mvua ikianza, na mawingu yalikuwa tayari yamekaa mlimani.

"Nenda kamwambie Ntakije aandike kwamba nilikataa," akasema. "Nilikubali mbele za watu, halafu baada ya mazishi nikageuka, nikataka nacho kizimwe. Sheria si inanipa haki hiyo?"

"Inakupa. Lakini mama, watakuchukia."

"Sudi ana wajukuu, ana mabinti wa kuoza. Mimi nina nani wa kumharibia jina?"

"Una mimi."

"Wewe unajua," akasema, akaendelea kuchekecha.

Ntakije aliandika hivyo. Aliandika akilia, na kabla ya mwaka kwisha aliomba uhamisho mwenyewe. Naandika haya sasa kwa kuwa mama na Mzee Sudi wote wamelala makaburini, na jina la mama bado linatajwa Kasimbu kwa namna isiyostahili.

Mvua ilipoanza kuchanganya, king'ora kililia mara tatu na sisi wa zamu tukafungua lango. Nilidhani nitaona kitu. Maji yalitoka kwenye bomba meupe, yakaingia kwenye maji, basi. Watu walikuwa wamesimama ufukweni, wengine na ndoo tupu mikononi, wakitazama mahali ambapo hapakuwa na la kutazama. Mbayuwayu walishuka palepale kunywa. Wiki hiyohiyo wanunuzi wa samaki aina ya migebuka kutoka mikoani hawakuja, na magari ya maji ya kunywa yakaanza kupanda mjini, na foleni zake, na ugomvi wake.

Jirani alihamisha arusi. Alimtuma shangazi wa bibi arusi kuuchukua unga. Yule shangazi alibeba gunia bila kuaga.

Mzee Sudi alikuja mwishoni, siku ambayo mvua ilikuwa imepumzika. Hakupiga hodi. Alisimama nje ya kizingiti akiwa amelowa mpaka magotini, na mama akajikongoja kumfuata mlangoni, akijishika kwa kila kiti.

Mzee alimwambia kwamba alimwosha mwanawe kwa mikono yake hii, kila tabaka, hakuacha hata moja, kwa sababu alidhani wamekubaliana. Alimwambia mjukuu wake mdogo ameanza kupewa maji kwa kikombe cha kupimwa. Sauti yake haikupanda. Nilikuwa nyuma ya mama, na nilifungua kinywa. Mama alirudisha mkono wake nyuma, akaukamata wangu, akaukaza mpaka kucha zikaingia.

"Ulinidanganya, Bi Nyota," Mzee Sudi akasema. "Mimi. Nikiwa na maiti yako mkononi."

"Una haki ya kusema hivyo, Sudi," mama akamjibu.

Mzee alingoja kama mama atasema zaidi. Hakusema. Akageuka, akashuka njia ya matope kuelekea kwenye kibanda chake cha baiskeli, mzee aliyenyooka, anayetembea bila kuangalia nyuma na asiye na chochote cha kujilaumu. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Ndipo alipouachia mkono wangu.